Mwongozo kamili: kubadilisha linkeji ya waipa kwenye Altezza bila kurudia kazi mara tatu

Wakuu, naandika hii kwa sababu nimechoka kuieleza kwa simu. Linkeji ni zile fito za chuma zinazopeleka mzunguko wa mota hadi kwenye shafti zinazobeba mikono ya waipa. Kila mvua zikianza huku Kigoma, mwezi wa kumi au wa kumi na moja hivi, lazima apige mtu mwenye Toyota Altezza, waipa zimekufa, kanunua mota, kafunga, siku ya pili waipa moja inagonga nguzo ya kioo au zote mbili zinapandana kama mbuzi wanaopigana, kafungua tena kafunga tena, meno ya mkono yameisha, sasa anataka kuuza gari.

Mara nyingi mota ilikuwa nzima tangu mwanzo. Mnakosea sehemu mbili tu: hamkagui kabla ya kununua, na mnafunga mikono ya waipa wakati mota haijalala, yaani haijasimama mahali pake pa kupumzikia. Hili la pili ndilo linalowamaliza, nitalirudia mpaka mnichoke.

Natumia Altezza kama mfano maana ndiyo gari ya spoti ya zamani tuliyo nayo wengi. Mwenye Celica au MR2 utaratibu wako ni huuhuu, tofauti ni idadi ya bolti na klipi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujafungua boneti

- Soketi na spana namba 10, 12 na 14, na ekstensheni moja
- Spana malaya (ile ya kurekebisha mdomo), ya kushikilia mkono mdogo wa mota, utaona kwa nini
- Bisibisi bapa moja na ya nyota moja, plaisi, brashi ya waya
- Pula ndogo ya mikono ya waipa kama unaweza kuazima, siyo lazima
- WD, ile dawa ya kupuliza ya kulainisha kutu, na grisi ya kawaida ya bearingi
- Msasa laini
- Tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi, na maka peni
- Taulo nene au kipande cha godoro
- Kopo la maji na kitambaa kikavu
- Klipi za plastiki za ziada, kama kumi hivi, utavunja tu
- Linkeji nyingine au bushi zake (vile vikombe vya plastiki kwenye viungo vya fito), LAKINI usinunue mpaka umalize hatua ya 1

Kuhusu grisi: kuna kijana aliletewa gari pale Mwanga hapa Kigoma, akaona ya nini kununua grisi wakati mawese yapo jikoni. Wiki mbili waipa zilienda vizuri sana, halafu asubuhi za baridi mawese yakaganda, mchana yakakusanya vumbi, shafti zikawa ngumu kuliko mwanzo. Mawese tuyaache kwenye migebuka.

## Hatua ya 1: Jua kilichokufa ni nini

Mwagia kioo maji kwanza. Kioo kikavu kinaifanya mota ifanye kazi kubwa bure na raba zinachora kioo. Washa swichi hadi ON bila kupiga stata, zima redio, zima feni, weka waipa spidi ya kwanza, tulia usikilize.

Mota inalia ila waipa zote zimetulia. Fito imechomoka kwenye mpira wa chuma wa mkono mdogo wa mota, bushi ya plastiki imelika au imepasuka. Hapa mota ni nzima, usiiguse. Kesi nyingi ninazoletewa ni hii.

Waipa moja inaenda, nyingine imelala. Funua kikofia cha plastiki kwenye shina la mkono uliolala, jaribu nati ya 14. Ikiwa imelegea, kazi yako inaweza kuisha hapo kwa dakika tano, usifungue kingine chochote. Ikiwa imekaza, basi fito inayounganisha pande mbili imechomoka.

Zinaenda polepole kama zimechoka, hasa kioo kikianza kukauka. Shafti zimeshika kutu ndani ya nyumba zake. Huyu anahitaji msasa na grisi, hahitaji spea.

Zinasimama popote ukizima, hata katikati ya kioo. Kwanza hakikisha unazima kwa swichi ya waipa kwenye usukani na siyo kwa ufunguo. Ndani ya mota kuna swichi ya kulala, ukizima waipa umeme unaendelea kupita kwenye waya wake wa pekee mpaka mikono ifike chini ndipo unakatika. Ukizima gari kwa ufunguo mikono ikiwa njiani, inabaki njiani, huo siyo ugonjwa. Ukizima vizuri na bado zinasimama hovyo, swichi hiyo imekufa, na hapo ndipo mota inahusika.

Kimya kabisa. Anza na fyuzi iliyoandikwa WIPER, halafu plagi ya mota, halafu ethi (njia ya hasi inayogusa bodi). Fyuzi ikiungua mara mbili mfululizo usiweke kubwa zaidi! Fyuzi inaungua kwa sababu kitu kimeganda au waya umegusa bodi, ukiweka kubwa unahamishia moto kwenye waya.

Umefanikiwa kama unaweza kutaja kwa sentensi moja kitu kilichokufa. Kama huwezi, usiagize spea. Kutoka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,200, ukikosea unalipia basi kuja na basi kurudisha, na mvua haikusubiri.

## Hatua ya 2: Kununua spea bila kupigwa

Altezza ni ndugu wa Lexus IS200, kwa hiyo linkeji ya IS200 ya usukani wa kulia, kama zile za Uingereza, inastahili kuangaliwa. Ya usukani wa kushoto, mfano IS300 ya Marekani, usiichukue hata wakikupa bure, waipa zake zinafagia kwa kuelekea upande wa pili, haitakaa.

Mwambie muuzaji akutumie picha linkeji ikiwa imelazwa chini, uilinganishe upande kwa upande na picha ya yako iliyokufa kama inawezekana. Hesabu matundu ya bolti. Mwombe pia ashike kila kiungo akitikise kwenye video: kiungo kizuri kinazunguka ila hakichezi juu chini. Kikicheza, anakuuzia takataka ileile unayotaka kuitoa.

Bushi peke yake zinapatikana, na kama fito hazijapinda na mipira ya chuma haijalika, bushi zinatosha kabisa. Mpira wa chuma ukishakuwa na umbo la yai, bushi mpya itadumu mwezi, nunua linkeji nzima.

## Hatua ya 3: Laza waipa, weka alama

Washa swichi ON, washa waipa, zima kwa swichi ya waipa kwenye usukani, subiri zisimame zenyewe. Ndipo uzime ufunguo. Kama mota inalia ila fito imechomoka, fanya hivyohivyo, maana mota yenyewe bado inajua kwake ni wapi.

Sasa bandika tepu kwenye kioo chini ya kila raba, chora mstari pale ncha ya raba ilipo. Andika kwenye mikono yenyewe "dereva" na "abiria". Inafanana kwa macho ila haifanani, urefu na mpindo ni tofauti, na nimeshaona mtu kazibadilisha halafu anashangaa kona ya kioo haifagiliwi.

Kama waipa zako zilikuwa zinasimama vibaya tayari, piga picha gari nyingine ya aina hiyo ikiwa imelala vizuri. Ipo, ukikosa kabisa nenda stendi ya bodaboda uulize nani ana Altezza, ndani ya dakika mbili watakuelekeza nyumba.

Chomoa temino hasi ya betri. Usiseme "nitakuwa makini". Fito za waipa zina nguvu ya kukata kidole na hazipigi honi kabla.

## Hatua ya 4: Kutoa mikono

Weka taulo nene juu ya kioo. Sababu: ukishanyanyua mkono bila raba au ukauachia, spring yake inaurudisha kwa nguvu, chuma kinapiga kioo, na sasa unatafuta kioo cha mbele badala ya bushi.

Toa kikofia, legeza nati ya 14, lakini usiitoe yote. Iache ikiwa sawa na ncha ya shafti, ili ukitikisa au kugonga isiharibu uzi. Puliza WD, nenda kanywe chai, siyo dakika mbili, robo saa. Halafu tikisa mkono kushoto kulia karibu na shina. Utasikia "tak" umelegea.

Ukigoma, tumia pula. USIPENYEZE bisibisi chini ukakandamiza juu ya kioo au juu ya plastiki. Shina la mkono ni chuma laini, shafti ni chuma kigumu, na wewe una haraka, atakayepoteza unamjua.

Umefanikiwa kama meno ya ndani ya mkono bado yana ncha kali. Yapige brashi ya waya sasa hivi, na ya shafti pia. Uchafu ulioganda kwenye meno unafanya mkono ukae juujuu, ukikaza nati unadhani umekaza, kumbe umekaza uchafu.

## Hatua ya 5: Plastiki ya chini ya kioo

Hii ifanye gari likiwa juani, saa sita mchana hivi. Plastiki ya miaka ishirini na zaidi ukiikunja asubuhi na baridi inavunjika kama biskuti, ikipata joto inalegea.

Fungua boneti, toa raba ndefu ya pembeni, toa klipi kwa kunyanyua kwanza kitovu cha katikati halafu mwili. Anza pembeni, vuta taratibu kuelekea mbele, usinyanyue juu, kuna ndimi zimeingia chini ya kioo. Kuna mpira wa maji ya wosha umeungwa, usiukate, uchomoe.

Chini yake utakuta shamba. Gari linalolala chini ya mwembe, na Ujiji huku nani halali chini ya mwembe, linakuwa limejaza majani, maua, vumbi jekundu, yote yameoza yakawa udongo. Udongo huo ndio unaoziba matundu ya maji, maji yanasimama, mota na shafti zinakaa ndani ya bwawa msimu mzima. Ukibadilisha linkeji ukaacha udongo, mwakani tunaonana.

Toa yote kwa mkono. Kabla ya hapo ziba tundu la hewa ya kabini kwa kitambaa, kwa sababu bolti ikidondoka humo inaishia kwenye feni, na kazi hiyo ina mwongozo wake mwingine. Kisha mimina kopo la maji kila pembe. Maji yanatakiwa yatoke chini ya gari nyuma ya tairi za mbele, kwa kasi, pande zote mbili. Yakitoka kwa matone ingiza waya laini uzibue.

## Hatua ya 6: Kutoa linkeji na mota

Chomoa plagi ya mota, bonyeza ulimi wake, usivute waya. Legeza bolti za namba 10, zihesabu, ziweke kwenye kifuniko cha ndoo. Linkeji inatoka pamoja na mota, unaigeuzageuza kidogo, kuna pembe moja tu inayokubali, usilazimishe.

Ukiwa nayo mezani, kabla hujatenganisha chochote, chora mstari kwa maka peni kuanzia mkono mdogo wa mota hadi kwenye bodi la mota. Huu ndio ule mkono unaozunguka. Piga picha pia, maka peni inafutika na grisi.

Sasa nati ya katikati ya mkono huo mdogo. Hapa spana malaya: shika mkono mdogo nayo, usiache uzunguke, ndipo ulegeze nati. Ndani ya mota kuna gia ya plastiki inayozungushwa na skrubu ya chuma. Ukilegeza nati bila kushika, nguvu yote inaenda kwenye ile plastiki, na umeua mota iliyokuwa nzima kwa mkono wako mwenyewe. Wakati wa kukaza ni vilevile.

Kama unabadilisha linkeji pekee, mota toa bolti zake uihamishie kwenye linkeji mpya. Kama unaweka bushi tu, fito zinachomolewa kwa bisibisi bapa, safisha mpira wa chuma, jaza grisi ndani ya bushi, kandamiza kwa plaisi kubwa mpaka isikike imeingia. Usigonge kwa nyundo.

Shafti ngumu: toa sekilipu ya juu (ile pete ya chuma inayoishika shafti), panga zile washa (visahani vyembamba) kwa mpangilio uliozitoa, vuta shafti, msasa laini mpaka ing'ae, futa, grisi, rudisha. Ikizunguka kwa vidole viwili bila kukwaruza, imepona.

Na wale wa kufunga fito kwa mpira wa baiskeli au waya wa binding, nawaelewa, hata mimi nimeshafika nyumbani kutoka Kasulu hivyo. Ila ni dawa ya kufika nyumbani, mpira unavutika, waipa inachelewa nusu inchi, halafu inchi, halafu inampiga mwenzake.

## Hatua ya 7: Ilaze mota KABLA ya mikono

Hapa ndipo wote mnapoanguka, someni taratibu.

Rudisha linkeji na mota kwenye gari, kaza bolti zote, chomeka plagi. Mikono ya waipa BADO iko mezani. Rudisha temino ya betri. Toa mikono yako na ya mtoto anayechungulia. Washa ON, washa waipa, acha shafti ziende mara kumi hivi, zima kwa swichi ya waipa kwenye usukani. Mota itamalizia mzunguko na kusimama. Hapo ilipo ndipo inapolala.

Kwa nini? Mota uliyonunua ilitolewa kwenye gari nyingine ikiwa imesimama popote, labda katikati ya safari. Ukifunga mikono chini kwenye kioo wakati mota iko katikati, yenyewe itakapoenda kulala itaipeleka mikono chini zaidi, kwenye boneti, au juu zaidi, kwenye nguzo. Mota haioni kioo, inajua mahali pake tu.

Ukijaribu mota mezani nje ya gari na ikakaa kimya, usikimbilie kuihukumu. Mota nyingine ethi yake inapita kwenye bodi lake, ikiwa hewani haina ethi. Funga waya kutoka kwenye chuma cha mota hadi kwenye chuma cha gari ujaribu tena. Kuna mzee wa Katubuka alishatupa mota nzima kwa sababu hii, ikaokotwa, hadi leo inafanya kazi kwenye gari la jirani yake.

Angalia na ile alama ya maka peni. Mkono mdogo ukiwa umelala, unatakiwa ulingane na picha uliyopiga. Hauko sawa? Toa nati, shika na spana malaya, urudishe kwenye mstari.

Umefanikiwa kama unawasha na kuzima mara tatu, na shafti zinasimama palepale kila mara.

## Hatua ya 8: Mikono, na jaribio

Zima ufunguo. Weka plastiki kwanza, klipi zote, mpira wa wosha, raba ndefu. Halafu mkono wa dereva juu ya shafti, raba yake ifuate mstari wa tepu, kandamiza, weka nati. Kisha wa abiria. Kaza kwa spana fupi, vizuri lakini bila kuning'inia.

Mwagia kioo maji mengi. Funga boneti, kwa sababu ikiwa wazi mikono inaipiga. Kaa ndani, washa spidi ya kwanza, na kidole kiwe tayari kuzima.

Unachotaka kuona: raba haigusi nguzo ikiwa juu, haigusi plastiki ikiwa chini, mikono miwili haikaribiani hata kidogo, na ukizima inarudi kwenye tepu. Ikizidi juu kidogo, toa mkono, usogeze jino MOJA chini, jaribu tena. Jino moja ni kubwa kuliko unavyofikiri. Ndipo uende spidi ya pili, maana kwa kasi mikono inajirusha zaidi kidogo, na iliyokuwa inapita kwa karibu kwenye spidi ya kwanza itagonga hapa.

Baada ya siku mbili tatu za kutumia, fungua vikofia ukaze nati tena, chuma laini la mkono linakuwa limekaa vizuri na nati imelegea kidogo. Hili watu wanalisahau kabisa, halafu wanapiga simu wakiwa njia ya Uvinza, mvua inamwagika, waipa ya dereva imelala, ya abiria inafagia vizuri kabisa upande ambao hamna mtu.

Kama ndiyo wewe na unasoma hii umepaki pembeni: spana ya 14, kikofia, nati. Alama ya tepu najua umeshabandua, tumia ule mkwaruzo raba iliouacha kwenye kioo, upo tu ukiangalia kwa pembeni.